Ulikodi gari? Robo tangi tu inaweza kukumalizia dipoziti

Tulikuwa wanne ndani ya Vitz moja, Novemba 2024, tukienda harusi ya beshte yetu Nanyuki. Kila mmoja wetu alichanga Sh2,500 za dipoziti, jumla Sh10,000, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na leseni ambayo haijapitwa na muda, mkataba uliandikwa kwa jina langu. Pesa za kukodi gari tulilipa kando. Mafuta tukakubaliana kugawana. Mpango ulikuwa safi kabisa, hata kundi la WhatsApp tuliliita "Mlima".

Mkataba ulisema tumepewa gari tangi likiwa limejaa na turudishe likiwa limejaa. Jumapili jioni tukirudi, tulisimama Karatina. "Jaza pomoni," nilimwambia mhudumu wa pampu, kifua mbele kama mtu mwenye gari lake. Risiti nikaikunja, nikaitia mfukoni. Tukaendelea na safari tukijua deni la mafuta limekwisha.

Tulifika Nairobi saa tatu usiku baada ya kusukumana na msongamano wa Thika Road. Ofisi ilikuwa imefungwa. Mlinzi akapokea ufunguo, akatuambia asanteni, tukatafuta matatu za kwenda nyumbani.

Jumatatu saa nne asubuhi simu ikalia. Ujumbe wa M-Pesa: nimepokea Sh5,350.

Nilipopiga kuuliza kulikoni, niliambiwa gari lilirudi likiwa limepungua robo tangi. Wamehesabu lita 10.5 kwa Sh300 kila lita, hiyo ni Sh3,150. Juu yake wakaweka Sh1,500 za kupeleka gari kujazwa. Jumla Sh4,650. Bei ya juu ya petroli Nairobi mwezi huo, iliyotangazwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), ilikuwa Sh180.66 kwa lita. Maana yake, mafuta yale yale ningeyanunua mwenyewe kwa takriban Sh1,900.

Pesa ziliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kundi la "Mlima". Niliwatumia wenzangu Sh1,337 kila mmoja na maelezo marefu. Wawili walisema sawa. Wa tatu aliandika, "Si tulijaza Karatina, na mimi nilikuwa hapo nikiona? Sasa hiyo ingine imeenda wapi?" Kisha akatoka kwenye kundi. Tumesoma pamoja tangu darasa la tano. Alidhani nimekula pesa yake, na kusema kweli, ningekuwa yeye pengine ningedhani hivyo hivyo.

Kosa letu lilikuwa Karatina

Kwa muda nilibeba kinyongo na ile kampuni. Halafu nikakaa chini nikapiga hesabu, nikaona kwamba kuhusu kipimo walikuwa sahihi. Kutoka Karatina hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 100. Gari dogo lililobeba watu wanne na mizigo, likipita mteremko na mlima, kisha likakwama saa nzima Thika Road, linaweza kunywa lita tisa au kumi bila wewe kushtuka. Tangi la Vitz ya toleo lile, iliyotengenezwa kati ya 2005 na 2010, hubeba lita 42. Robo yake ni lita kumi na nusu. Hesabu ikaingiana kabisa.

Kilichotudanganya ni mshale. Geji ya mafuta haishuki kwa mwendo mmoja. Katika magari mengi, ukijaza hadi juu, mshale hukaa pale kwenye F kilomita nyingi kana kwamba gari linatumia hewa, kisha ukianza kushuka, unashuka kwa fujo. Sisi tulipofika Makutano mshale ulikuwa bado umetulia juu. Hakuna aliyeutazama tena. Mbona tuutazame, na risiti ninayo mfukoni?

Risiti ya Karatina inathibitisha kwamba ulijaza Karatina. Haithibitishi chochote kuhusu gari lililofika Nairobi. Mahali pa kujaza ni kituo cha mwisho kabla ya ofisi unakorudisha gari, ikiwezekana kiwe umbali wa kilomita tano hivi, kumi zikizidi. Tafuta kituo hicho kwenye ramani ya simu siku ile unachukua gari, si siku ya kurudisha ukiwa umechoka, giza limeingia na saa ya mkataba inayoyoma. Kama ofisi iko katikati ya jiji, amua ni kituo gani cha Ngara, Pangani au Westlands utakachopitia, na uwe upande wa barabara unaoelekea ofisini. Kuvuka barabara Nairobi kutafuta U-tani saa kumi na mbili jioni ni safari nyingine.

Wanaorudisha magari uwanja wa ndege wa JKIA ndio hunaswa sana. Ukipanda Expressway pale Westlands ukielekea uwanjani, hakuna kituo cha mafuta juu ya barabara ile, kuanzia James Gichuru hadi Mlolongo, kilomita 27. Ukishapanda umepanda. Kwa hivyo ama ujaze kabla ya kupanda, ukijua utachoma lita moja au mbili njiani, ama upite Mombasa Road ya chini ambako vituo viko vingi, ujaze hapo ndipo uingie uwanjani. Weka dakika 30 za ziada. Mtu anayekimbizana na ndege hajazi mafuta. Huacha gari, hutupa ufunguo, na bili humfuata akiwa angani.

Mombasa kuna mtego wa aina yake. Ukitoka Diani na gari ulilokodi kisiwani, usijaze Ukunda halafu upange foleni ya feri ya Likoni na injini ikinguruma kwa sababu watu wanataka kiyoyozi. Vuka kwanza.

Hao wenye magari wanatoza kwa nini?

Nimewahi kumuuliza jamaa mmoja mwenye magari matatu ya kukodisha. Jibu lake halikunifurahisha lakini lina mantiki. Mteja anaporudisha gari tangi likiwa tupu, ni lazima mtu aache kazi, aliendeshe hadi kituoni, apange foleni, alipe, arudi. Pengine mteja mwingine amekaa kwenye kiti akisubiri gari hilo hilo. Isitoshe, pampu ya mafuta katika magari mengi ya siku hizi imo ndani ya tangi, na petroli ndiyo huipoza. Gari linaloendeshwa kila wikendi taa ya mafuta ikiwa imewaka huishia kuua pampu, na gharama hiyo ni ya mwenye gari.

Kwa hivyo ada kidogo ya usumbufu ni haki yao. Sh300 kwa lita, wakati kila kituo jijini kilikuwa kikiuza kwa Sh180 hivi, ni hadithi nyingine, na hapo sitamtetea mtu. Lakini elewa jambo moja: bei zinazotangazwa na EPRA ni ukomo kwa wanaouza mafuta rejareja vituoni. Mwenye gari la kukodisha anakutoza kwa mujibu wa karatasi uliyoitia sahihi. Kama imeandikwa Sh300 nawe ukatia sahihi bila kusoma, utabaki kulalamika kwa mabeshte zako.

Ndiyo maana swali la kuuliza kabla ya kushika kalamu ni fupi: "Nikirudisha mafuta yakiwa pungufu, mnanitoza pesa ngapi kwa lita, na kuna ada gani nyingine juu?" Wakikwambia "usijali, tutaongea", jali. Waandike kiasi hicho kwenye mkataba au wakutumie kwa WhatsApp. Sijaona mwenye biashara ya kweli akikasirishwa na swali hilo.

Taa imewaka, rudisha taa imewaka

Huo wa kupewa gari limejaa ni mtindo wa kampuni zenye ofisi na vitabu. Wasee wengi tunakodi kwa mtu tuliyeelekezwa na mtu, gari linaletwa barazani kwa ploti, na mambo ni tofauti. Unapewa gari taa ya mafuta ikiwa imewaka. "Chukua ilivyo, rudisha ilivyo." Hapa hutapigwa faini, lakini pesa zako zinapotea kwa njia nyingine, na nadhani vijana wengi hupoteza zaidi huku kuliko kule kwenye faini.

Tazama. Unaogopa kukwama, kwa hivyo unapiga jeki na kuweka mafuta mengi. Safari inaisha, tangi limebaki nusu. Unamrudishia mwenye gari, naye anakwambia asante na karibu tena. Hizo lita 21 ulizomwachia, kwa bei ya Sh180, ni Sh3,780. Umemfanyia harambee mtu ambaye hukualikwa kumchangia. Yeye akimpa mteja anayefuata gari hilo, huenda akalitoa likiwa na nusu tangi na kumwambia arudishe nusu tangi.

Dawa ni kupiga hesabu kabla ya kufika kwenye pampu. Chukua kilomita za kwenda na kurudi, ongeza 50 au 60 za kuzungukazunguka, gawanya kwa kilomita ambazo gari hutembea kwa lita moja. Nairobi hadi Nanyuki ni karibu kilomita 200. Kwenda na kurudi 400, na mizunguko ya harusi 60, jumla 460. Gari dogo la sisi-isiri elfu moja lililobeba watu, mimi hulihesabia kilomita 14 kwa lita kwenye barabara kuu, hata mwenye gari akiapa kwamba linafika 20. Hiyo ni lita 33 hivi, takriban Sh6,000 kwa bei ya Sh180. Ndani ya jiji shusha hadi kilomita 10 kwa lita, na ukiona mvua imeanza kunyesha Ijumaa jioni, shusha tena.

Halafu usiweke zote mara moja. Weka ya kukufikisha na akiba kidogo, kisha ukiwa njiani kurudi angalia mshale, upige hesabu upya na uongeze kinachohitajika tu. Kama dashibodi ina kipimo cha safari, kirudishe kwenye sufuri unapojaza, ndipo utajua gari linakula kiasi gani kwa kweli badala ya kukisia. Ila usifanye ubahili wa kijinga. Taa ikiwaka katika gari dogo kwa kawaida huwa zimebaki lita chache tu, na kukwama gizani katikati ya Naivasha na Mai Mahiu Jumapili usiku kwa sababu ya kuokoa mia tano ni jambo ambalo hutamsimulia mtu.

Unaweza pia kujaribu kuelewana mapema na mwenye gari kwamba mafuta yakizidi yale ya mwanzo, atakata kwenye salio lako. Wengi watacheka. Mmoja alinikubalia, tena bila kusitasita, kwa hivyo kuuliza si ujinga.

Kuna mtindo wa tatu ambao baadhi ya kampuni kubwa hutoa: unalipia tangi zima mapema, kisha unarudisha gari hata likiwa kavu. Wanaouza mpango huu husema unakuepushia usumbufu. Unakufaa tu ikiwa una hakika utamaliza karibu tangi lote. Mtu wa wikendi moja Nairobi, asiyetoka nje ya Ngong na Karen, atakuwa amewanunulia wenzake mafuta.

Picha mbili na binadamu mmoja

Nirudi kwenye kisa changu, kwa sababu kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Fomu ilisema gari lilitoka likiwa F. Je, kweli lilikuwa F? Hadi leo siwezi kuapa. Asubuhi ile tulikuwa tumechelewa, tukapakia mabegi, nikatia sahihi. Huenda mshale ulikuwa chini ya F kwa upana wa kidole, na upana wa kidole pale ni lita mbili tatu.

Siku hizi siondoki bila picha. Gari liwe mahali tambarare, maana likiegeshwa kwenye mteremko mafuta huegemea upande mmoja wa tangi na kipimo hukudanganya. Washa, ngoja mshale utulie, kisha piga dashibodi nzima: geji, kilomita, na taa zozote zinazowaka. Usiiache picha hiyo kwenye simu yako pekee. Mtumie wakala papo hapo kwa WhatsApp, na ujumbe: "Hivi ndivyo nimepokea." Saa na tarehe zitajiandika zenyewe na hakuna atakayebishana nazo. Kama fomu inasema F na mshale unasema vingine, fomu ibadilishwe kabla hujatoka getini.

Unaporudisha, fanya vivyo hivyo, pamoja na picha ya risiti ya kituo cha mwisho inayoonyesha lita, bei na saa. Na umtafute binadamu wa kampuni mtazame mshale pamoja. Ufunguo wa kumwachia mlinzi ni hatari tupu, kwani kuanzia hapo hadi asubuhi hujui nani ameliwasha gari, nani amelihamisha, nani amekwenda nalo kununua chakula. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwetu. Nasema sikuwa na njia ya kujua. Kama ni lazima urudishe usiku, rekodi video fupi ukiwa umesimama na mlinzi, gari likiwa limewashwa.

Kwenye pampu, bomba likikata lenyewe mara ya kwanza, tosheka. Wapo wahudumu wanaopenda kuendelea kufinya ili kufikisha pesa kwenye tarakimu nzuri. Mafuta hayo ya ziada yanaweza kuingia kwenye mfumo wa mvuke na kuharibu kichujio chake, na geji haitakuonyesha faida yoyote. Kama ulipewa nusu na unatakiwa kurudisha nusu, nenda polepole: weka ya mia tano, washa, ngoja, tazama. Mhudumu atakununia. Mwache anune. Na ukiwa hapo, hakikisha mara mbili gari la watu linatumia petroli au dizeli, hasa kama ni pikapu au gari kubwa ambalo hujalizoea. Bili ya kuosha tangi lililotiwa mafuta yasiyo yake itaifanya hii ya kwangu ionekane peremende.

Jambo moja la kalenda: EPRA hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, na huanza kutumika usiku wa kuamkia tarehe 15. Ikiwa umekodi gari siku hizo na umesikia bei inapanda, jaza jioni ya tarehe 14. Lakini usizunguke mji mzima ukitafuta kituo cha bei nafuu. Hata kati ya Mombasa, ambako mafuta huingilia, na Nairobi, ambako hufika kwa bomba, tofauti ya petroli mwaka huo wa 2024 ilikuwa kama shilingi tatu kwa lita. Shilingi tatu mara lita kumi ni thelathini. Kinachokuumiza si bei ya kituo bali ada ya kutokwenda kituoni.

Na wakishakukata? Omba mchanganuo kwa maandishi: lita ngapi, bei gani, ada ipi, na kifungu gani cha mkataba. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu huduma anayolipia, na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni na unaweza kujiwakilisha bila wakili. Mimi sikwenda. Sh2,750 hazikunitosha kukosa kazi siku mbili, na sahihi yangu ilikuwa pale chini ya karatasi. Lakini mchanganuo niliomba, nikaupata, na huo ndio niliomtumia yule beshte wangu, pamoja na ramani ya kutoka Karatina hadi ofisini. Alijibu baada ya siku tatu: "Sawa. Nimeona."

Mwaka uliofuata tulikodi tena, kwenda Naivasha, wanne wale wale. Dipoziti ilikuwa Sh10,000 na jina kwenye mkataba lilikuwa langu. Safari hii yeye ndiye aliyepiga picha ya dashibodi asubuhi, na Jumapili saa kumi jioni ndiye aliyenikumbusha kuingia kituo cha mafuta kilicho karibu na ofisi, mtaa mmoja tu kutoka hapo. Tuliweka ya Sh1,400, bomba likakata. Dada wa ofisini akaja na tochi ya simu ingawa jua lilikuwa bado, akainama dirishani, akatazama mshale na kuandika.

Kabla hatujafika steji, M-Pesa ikalia. Sh10,000. Nikamtumia kila mmoja Sh2,500 tukiwa bado tumesimama hapo, yeye wa kwanza.